Akiba ya Mshono

Fomu inasema: pima usawa wa kifua,
mita moja na sentimita thelathini toka ardhini.
Nikacheka. Miaka ishirini na sita pale Kiboriloni
nimepima vifua vya watu, sijaona hata kimoja
kisichovuta pumzi tepu ikikigusa.
Mti haukuvuta kitu.

Kalista wa ofisi ya kata alikuwa na fomu, kalamu,
na futi ya seremala iliyogoma kutoka kwa kutu.
Ndiyo maana niliitwa mimi.
Nilikuwa na tepu nne chakavu,
nambari zimefifia kwa jasho la makwapa ya watu.
Nikaziunga kwa uzi mweusi, mshono mara mbili,
tukapanda Uru kwa miguu tukifuata mfongo
hadi kihamba cha marehemu Aloisi,
msesewe uliposimama umekanyaga maji.

Wewe unayekunywa mbege unaujua uchungu wake
hata kama hujawahi kuuona.
Ubavu wa mashariki wote ni makovu:
hapa gome lilibanduliwa kwa harusi ya Eufrasia,
pale kwa ubatizo wa mapacha,
na ya zamani zaidi yamejifumba
kama tundu la kifungo lililozibwa.
Gauni la Eufrasia nililishona mimi.
Kiuno sitini na nane, alisema.
Nililitanua usiku wa manane.

"Usibane," Kalista akasoma, "usilegeze.
Penye shimo, pitisha tepu juu, usiizamishe."
Mwanangu, hayo nimewafundisha wasichana kumi na wawili.
Tukauzunguka, yeye kushoto, mimi kulia,
mashavu kwenye gome, siafu wananipanda mguuni,
tukakutana nyuma vidole kwa vidole
kama watu wanaosalimiana gizani.

Tepu tatu kamili, na ya nne sabini.
"Mia tano na ishirini!" Kalista akapaza sauti
hadi mbuzi wa jirani akaitika.
Akaandika. Kwa wino.

Proches akapiga simu toka Dar, mti ni urithi wake:
"Unatoa mbao ngapi?"
Nikamwambia sikupima mbao.
"Ukiandikishwa, serikali itauchukua?"
Nikamwambia, nilikupima suruali ya komunyo,
nani alikuja kukuvua?

Usiku nikakumbuka.
Fundi yeyote angekumbuka.
Kila nilipoiunga tepu na tepu
ncha moja ilipanda juu ya nyingine
sentimita mbili. Mishono mitatu.
Sita.
Nililala chali nikizirudia kama deni la dukani.
Nani angejua? Msesewe haujui kusoma.
Lakini nguo iliyokatwa bila akiba ya mshono
huvaliwa siku moja, kisha hupasuka kanisani
na watu wote wanauliza: fundi nani?

Asubuhi nikaingia ofisini, nikaikata ile ishirini,
nikaandika kumi na nne, nikatia sahihi pembeni.
Penye "Jina la anayependekeza" palikuwa patupu bado.
Nikajiandika.
Kalista hakunisemesha hadi adhuhuri.

Orodha ilibandikwa mwezi wa kumi, ukutani pa halmashauri,
chini ya tangazo la chanjo ya mbwa.
Msesewe mnene kuliko yote wilayani: wa Kirua,
mita tano na sentimita kumi na saba.
Wetu wa pili.
Kalista alisoma, akanitazama,
akahesabu kwa vidole, akaacha.

Ile tepu sijaifumua.
Bibi harusi akija, naitoa nyuma ya mlango,
namzungushia, naandika,
na mita tano zinabaki zimejilaza sakafuni
miguuni pake.
"Hii yote ya nani?"
Ya mteja mmoja wa Uru, namwambia.
Simama vizuri, usivute pumzi.
Yeye bado ananenepa.